Orodha Kwenye Kundi la Wazazi

Nyumba ya Mkuu wa Shule
4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini unasoma haya ukiwa mzima, wewe, shemeji na watoto. Huku hatujambo. Goti la wifi yako limetulia, anapanda ngazi bila kulalamika, au tuseme sasa analalamika mambo mengine.

Niingie kwenye kilichonikalisha mezani. Juzi wifi yako alinionyesha simu yake. Nikaona mikono inatumbukiza yai kwenye glasi ya siki, na sauti inaeleza kwa nini ganda linatoa mapovu. Sauti nikaijua, nimeisikia tangu ikilia kitandani. Chini yake imeandikwa una wafuasi elfu tisa. Wafuasi! Kwani umeanzisha dini?

Mimi nimekuwa mkuu wa shule miaka kumi na minane, na mwalimu miaka kumi na mitatu kabla ya hapo. Walimu wangu wanajua sheria yangu: mwalimu na mwanafunzi wanakutana darasani, ofisini na uwanjani, basi. Kwenye simu hakuna la maana. Nimeona mwalimu kijana akifukuzwa kazi kwa picha moja aliyopiga akiwa kwenye sherehe na glasi mkononi. Na wewe una jina la ukoo wetu.

Funga hicho kitu. Nakuambia kama kaka, wala sihitaji maelezo marefu.

Wasalimie watoto, waambie mjomba anawauliza habari za shule.

Kaka yako


Nyumbani
19 Februari

Kaka, shikamoo.

Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Sisi wazima. Mkubwa ameng'oka jino la mbele na anadai mjomba amletee jingine.

Ulisema huhitaji maelezo marefu, basi nitakupa mafupi. Kwenye ukurasa wangu huoni uso wa mwanafunzi hata mmoja, wala daftari lake, wala sare. Unaona mikono yangu na meza ya jikoni. Mkuu wangu wa shule anaujua, nilimwomba kwa maandishi kabla sijaanza na barua yake ninayo. Picha za familia ziko kwenye ukurasa mwingine uliofungwa, ambao wanauona watu kumi na wanne, na wewe si mmoja wao kwa sababu hutaki simu. Mwanafunzi akinitumia swali kwa faragha, simjibu kwa faragha. Nachukua swali bila jina, najibu mbele ya wote.

Na siutumii kufundisha tu. Shuleni kwangu mwalimu wa kemia ni mimi peke yangu. Nikikwama, wa kumuuliza ni mlinzi. Huko ndani kuna walimu wenzangu mia na kitu wa kemia. Mwaka jana mmoja alinifundisha kutengeneza kipimo cha asidi kwa maji ya kabichi nyekundu, na maabara yetu haina kipimo tangu niajiriwe.

Kwa hiyo sifungi, kaka. Kwa heshima zote.

Msalimie wifi na goti lake.

Mdogo wako


Ofisini
22 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Tu wazima, na tumenyeshewa mpaka paa la bwalo limeanza kuvuja tena palepale tulipoziba.

Utacheka. Wakubwa wa elimu wametuandikia kwamba kila shule iwe na kundi la wazazi kwenye simu. Nikapewa simu ya ofisi. Siku ya kwanza niliandika tangazo kwa mkono, nikaweka kumbukumbu namba, nikagonga mhuri, nikalipiga picha na kulituma. Mzazi mmoja akajibu kwa kidole gumba. Nikamuuliza karani, huyu ananitukana? Akasema hapana mkuu, amekubali.

Sasa tuko wazazi mia mbili na watatu. Mmoja aliweka picha za makochi anayouza, nikamwondoa. Akaomba radhi, nikamrudisha. Nakiri kitu hiki kina manufaa. Kikao ambacho zamani walikuja wazazi thelathini, safari hii wamekuja mia na sitini.

Mtihani wa majaribio wa darasa la mwisho umeshasahihishwa. Kila mwaka nabandika orodha kwenye ubao wa matangazo, wa kwanza mpaka wa mwisho, na mzazi aliye mbali haoni. Mwaka huu nitaituma kwenye kundi keshokutwa, Ijumaa. Watajua watoto wao wanasimama wapi.

Unaona basi, hata mimi si wa kale kama mnavyonisema na wifi yako.

Kaka yako


Nyumbani
3 Mei

Kaka, shikamoo.

Nimekupigia mara nne hukupokea, ndiyo maana naandika.

Orodha yako imenifikia. Sikutumiwa na wewe. Alhamisi saa nne asubuhi, kwenye chumba cha walimu, mwenzangu wa jiografia alikuwa anacheka na simu, akanipa nitazame. Karatasi yenye mhuri wa shule yako. Majina mia na kumi na nane. Mtu amezungushia duara jekundu jina la mwisho, msichana, jumla ya alama hamsini na tisa, akaandika pembeni maneno ambayo sitayarudia. Mwenzangu hajui kwamba wewe ni kaka yangu. Ni safari ya siku mbili kutoka kwako hadi hapa, kaka, na orodha imefika kabla ya barua yako.

Najua ulibandika orodha hizo miaka yote. Ubao wa matangazo uko ukutani. Anayetaka kusoma anaingia getini, anasimama, anasoma, anaondoka, na mwezi ukiisha mnabandua. Hii haibanduliwi.

Usikasirike nikikuambia la kufanya, kazi hii naifanya kila siku. Ifute leo, hata kama nakala ziko nje. Kisha sema ulichokosea palepale uliposemea, mbele ya watu walewale. Usiandike "kama kuna aliyekwazika". Yupo, na unajua ni nani. Na huyo wa mwisho mwendee kwao kwa miguu yako, usimpigie simu.

Nijibu.

Mdogo wako


Nyumbani
20 Juni

Kaka,

Wiki saba sasa. Wifi ameniambia wote hamjambo, ila simu ya ofisi umeifungia kwenye droo na ufunguo unatembea nao. Sikuandika kukuaibisha. Niliandika kwa sababu nilitegemea ungetaka kujua mapema.

Sitaandika tena mpaka nisikie kutoka kwako.

Mdogo wako


Nyumba ya Mkuu wa Shule
11 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba kwa shikamoo zako zote ambazo sikuziitikia. Afya ninayo. Mengine nitayaeleza kwa mpangilio yalivyotokea.

Barua yako ya Mei niliipokea, nikakasirika. Nilikuona mtoto niliyemfundisha kushika kalamu anakuja kunisahihisha. Nikasema moyoni, aliyesambaza ndiye mwenye kosa, mimi nimewapa wazazi haki yao. Niliifuta orodha, hilo nililifanya, halafu nikafungia simu.

Wiki mbili baadaye mwalimu wa darasa alikuja ofisini na daftari la mahudhurio. Akasema, "Mkuu, yule binti wa fundi cherehani hajaja tangu Jumatatu ile baada ya orodha."

Nikamuuliza, "Anaumwa?"

"Haumwi. Hataki kuja."

Kisha akaniwekea karatasi mezani. Mtihani ulikuwa na masomo saba. Binti alifanya mawili. Siku za yale matano alikuwa hospitali, amelazwa, kifua. Karani alipokuta nafasi tano tupu akajaza sifuri. Ile karatasi ilikuwa ruhusa ya kutokufanya mtihani, imeambatanishwa na cheti cha daktari. Chini kuna saini. Yangu. Niliisaini mwenyewe, nikaiweka kwenye faili, na siku ya kutuma orodha sikuifungua faili. Masomo yale mawili ana ishirini na nane na thelathini na moja katika hamsini. Si mwanafunzi wa mwisho hata kidogo.

Hata hivyo sikwenda. Nilikaa na karatasi hiyo mpaka mwisho wa Juni. Barua yako ya pili ilipofika, wifi yako aliisoma kabla yangu, akaniwekea viatu mlangoni.

Fundi ana chumba kimoja cha mbele chenye mashine mbili, familia wanaishi nyuma. Nilimkuta anashona kola. Akaniona, akasimama, akanipa kiti cha wateja, akarudi kwenye mashine. Nikaeleza. Alishona muda wote nikizungumza. Nilipomaliza akakata uzi kwa meno, akasema:

"Mwalimu, wateja wangu watatu wamekuja hapa na hiyo orodha kwenye simu. Mmoja aliniuliza kama binti atakuwa ananisaidia kazi sasa, maana shule imemshinda. Alikuwa amesimama hapo ulipo."

Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi."

"Nimekusikia. Lakini yale uliyasema mbele ya watu mia mbili. Hapa tupo wawili."

Binti alitoka chumba cha nyuma, akanipa shikamoo, akamwekea baba yake pasi ya moto, akarudi ndani. Hakununa, wala hakulia. Nikamwomba baba yake ruhusa ya kuwaeleza wazazi habari ya hospitali, akaingia ndani kuwauliza wenzake, akarudi akasema niseme.

Nilirudi, nikafungua droo, nikatoa simu. Nikaanza kuandika, "Kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza." Wifi yako akasoma begani kwangu. "Changamoto gani?" akauliza. "Si wewe?" Nikafuta. Nilichotuma ni hiki:

"Wazazi, tarehe 24 Aprili nilituma humu matokeo ya watoto wote kwa majina. Nilikosea. Matokeo ya mtoto ni ya mtoto na mzazi wake. Zaidi ya hapo, orodha ilikuwa na uongo. Mwanafunzi aliyewekwa wa mwisho hakufanya masomo matano kwa ruhusa ya daktari, ruhusa niliyoisaini mimi, na alama za masomo aliyofanya ni nzuri. Familia yake imeniruhusu kusema hivyo. Aliye na orodha hiyo namwomba aifute, na popote alipoituma awaambie kwamba si kweli. Mimi, Mkuu wa Shule."

Niliituma saa sita mchana. Mpaka saa nane hakuna aliyeandika. Baadaye wakaanza. Mmoja akasema asante mwalimu. Mmoja akasema wakuu wa siku hizi ni hovyo. Kumi na wawili wakajiondoa. Mama mmoja akauliza sare za michezo ni rangi gani.

Wakubwa wa elimu wameniita. Nimepewa onyo la maandishi, na mwakani narudi darasani, ukuu anachukua mwingine. Sikubisha.

Binti hakurudi. Baba yake amemwandikisha kufanyia mtihani wa mwisho katika shule nyingine, ila kusoma anasomea nyumbani.

Ndivyo ilivyokuwa. Ungeweza kuandika "nilikuambia". Nakushukuru kwamba najua hutaandika.

Kaka yako


Nyumbani
30 Agosti

Kaka, shikamoo.

Wote tu wazima, na jino la mkubwa limeota. Barua yako nimeiweka pamoja na vyeti vyangu, na sitaijibu neno kwa neno.

Kuna jambo limetokea. Mapema mwezi huu nilipata ujumbe wa faragha kwenye ukurasa. Mwanafunzi anasoma peke yake nyumbani, anauliza kuhusu asidi na besi. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: swali lako nitalifanyia video, na ukihitaji msaada zaidi nipe namba ya mzazi tuzungumze naye. Namba ikaja. Nikapiga, baba yake akapokea, nikasikia mashine ya kushonea; nikauliza binti alitoka shule gani, akataja yako.

Sikuendelea hata sentensi moja kabla ya kusema. Nikamwambia fundi, "Mzee, kabla hujanieleza zaidi, ujue mkuu wa ile shule ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja." Akasema atazungumza na binti.

Siku ya nne ukaja ujumbe kutoka simu ya mama yake: "Sawa, mwalimu. Naomba tuendelee na asidi."

Tunaendelea. Tuko watu watatu kwenye mazungumzo hayo, mimi, yeye na mama yake, na mama anasoma kila kitu. Juzi aliuliza swali ambalo hata mimi sikuwa na jibu lake, nikalipeleka kwa walimu wenzangu, wamebishana siku mbili.

Niliwaomba ruhusa nikuambie. Waliniruhusu haya niliyoandika, basi. Kwa hiyo usiniulize zaidi.

Mdogo wako


Ofisini
12 Oktoba

Mdogo wangu,

Nimefurahi kupata habari zenu. Wifi yako anakusalimu, goti limeanza upya.

Sijauliza, kama ulivyosema. Nakueleza ya kwangu tu. Wakubwa wa elimu waliitisha kikao cha wakuu wa shule kuhusu walimu na mitandao. Mgeni rasmi alisema mitandao ni hatari, tukapiga makofi. Kisha wakauliza nani ana uzoefu. Nikanyanyuka. Sijui kilichoninyanyua. Nikawaeleza orodha, saini, mashine ya fundi, yote. Mkuu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Huyu anajimaliza mwenyewe." Lakini wakati wa chai walinifuata watano. Wawili walikuwa wametuma orodha kama yangu wiki ileile niliyotuma mimi, na hawajaambiwa chochote na mtu. Wakaniuliza wafanye nini. Nikawapa ulichoniandikia Mei, ila sikuwaambia kwamba ni maneno ya mdogo wangu. Nadhani ningepaswa.

Jingine. Nimejiunga na kundi la walimu wa historia, somo langu. Nilikaa mwezi mzima bila kusema neno. Juma lililopita mwalimu kijana aliuliza atawezaje kufundisha wanafunzi kuusoma waraka wa zamani wakati hana hata mmoja. Nikamjibu kwa aya sita, nikampa zoezi la kufanya darasani. Akaandika, "Asante mwalimu, kesho nalijaribu." Kesho yake akarudi kueleza lilivyokwenda. Wenzangu kundini wanajua mimi ni mwalimu, hawajui ni mkuu. Sikuona haja ya kusema.

Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao. Matokeo yakitoka Januari, nitakuuliza jambo moja tu.

Kaka yako


Nyumbani
25 Januari

Kaka, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya. Nimesikia umekabidhi funguo za ofisi na sasa una vipindi ishirini na viwili kwa wiki. Pole, na hongera.

Matokeo yametoka jana. Najua utakachouliza, nimeamua nikujibu kabla hujapoteza karatasi.

Alama zake ninazo. Mama yake alinitumia kabla sijamaliza kunywa chai. Nilimuuliza binti mwenyewe kama naweza kukuambia. Akasema hapana. Hakueleza sababu, nami sikuidai.

Kwa hiyo sitakuambia, kaka. Wala usisome chochote kwenye maneno haya, nimeyachagua makusudi ili usipate kitu. Wewe ni damu yangu na yeye ni mwanafunzi wangu, na kwa hili mwanafunzi ametangulia.

Ukinikasirikia nitaelewa.

Mdogo wako


Nyumbani
9 Februari

Mdogo wangu,

Hatujambo sote, na wifi yako anaulizia lini mtakuja.

Nilikasirika, tangu nilipofungua bahasha mpaka nilipofika shuleni. Darasani nilisahau, kulikuwa na kelele. Jioni nikaisoma tena na hasira sikuiona.

Jumamosi nilipeleka suruali zangu mbili zikafupishwe. Wifi yako anasema zinafagia. Niseme ukweli, mafundi wako wengi na wa karibu zaidi. Baba yake hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta vitambaa. Binti ndiye aliyekuwa kwenye mashine.

Alinipa shikamoo, akaniambia nivue viatu, akachukua futi ya kupimia. Akapima kiuno, akapiga magoti akapima urefu, akaandika namba kwenye daftari la baba yake, akalifunga. Mteja mwingine alikuwa amekaa pale kwenye kiti, ananitazama, anamtazama. Nikaona anataka kusema kitu. Nikageuka kutazama mashine, na yeye akakosa pa kuanzia.

Sijui kama yuko pale kwa sababu anangoja nafasi ya chuo, au kwa sababu hakuna nafasi anayoingoja. Ungekuwepo, ungejua. Mimi nilisimama na soksi mbele yake nikiwa sijui, mwalimu wa miaka thelathini na miwili.

"Zitakuwa tayari Alhamisi, mwalimu," akasema.

Nikamwambia asante, nikavaa viatu, nikatoka.

Kaka yako